Kuku Aliyepona Kabla Yangu

Naandika kwa ajili ya mtu aliyelazwa sasa hivi, mguu wake umevutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, naye anamtazama kila ndugu anayeingia saa ya kuona wagonjwa akipima kama ana mabega ya kumbeba mpaka nje ya geti. Mimi nilikuwa mtu huyo. Nilibebwa, nikafurahi, na yaliyofuata ndiyo haya. Mambo ya kitaalamu siyajui na sitajifanya nayajua. Ninachokijua ni benchi la kusubiria, harufu ya kidonda, na jinsi watu wanaopendana wanavyoweza kuharibiana.

Naitwa Shija, naishi Kiseke. Kiwanda cha nguo nilikokuwa nafanya kazi kilipopunguza watu, na mimi nilipunguzwa, na kama wengi wa rika langu nikahamia kwenye baiskeli. Miaka ile viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa kimoja baada ya kingine. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda kwa wenyewe, sisi tukabakiwa na mapanki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia. Tuliyafunga kwenye keria za baiskeli tukawapelekea kina mama wa kukaanga. Ilikuwa kazi ya miguu, na miguu nilikuwa nayo.

Ajali ilitokea masika yalipoanza, pale njia panda ya Usagara. Lori la mchanga lilirudi nyuma bila dereva kutazama, nikajikuta chini na baiskeli juu yangu, mapanki yametapakaa barabarani na mbwa wameshafika. Mwanzoni sikusikia maumivu. Niliona tu kwamba unyayo wangu wa kulia unatazama upande usio wake.

Hospitalini walipitisha waya kwenye mfupa chini ya goti, wakafunga kamba, na kamba ikashika mfuko wa mchanga uliokuwa unaning'inia mwisho wa kitanda. Paja lilikuwa limevunjika katikati. Wakasema nitalala hivyo wiki kumi na mbili. Mgongo ulichubuka, ndevu zikaota ovyo, na hata paja la kushoto, lililokuwa zima, likaanza kukonda, nadhani kwa kumhurumia mwenzake. Mke wangu Veronika, ambaye kwao ni Majita na ana msimamo wa watu wa huko, alikuja kila siku na uji kwenye chupa ya chai kabla ya kwenda kwenye cherehani yake. Na kulikuwa na muuguzi mmoja, Sista Agnesi, aliyekuwa akipita kila mchana na kugeuza mto wangu upande wenye ubaridi bila kuombwa. Mtu asikudanganye kwamba hilo ni jambo dogo.

Kilichonishinda ni kitanda cha jirani. Pale alilala mzee mmoja wa Ukerewe, Mzee Lugome, mwenye kidonda cha mguu kilichokuwa kimekataa dawa zote. Walimchukua asubuhi, mchana wakamrudisha, na blanketi lake lilikuwa limelala tambarare upande mmoja. Alipozinduka hakulia. Alimuuliza kila aliyepita mguu wake umezikwa wapi. Aliuliza siku tatu, kwa adabu kabisa, na hakuna aliyemjibu. Siku ya nne akanigeukia mimi.

"Kijana," akasema, "na wewe waulize mapema."

Tangu hapo sikulala vizuri. Kila daktari aliyesimama mbele ya kitanda changu nilimtazama mikono. Jumamosi mama yangu alipokuja na mjomba, nilimwambia sitaki kufa vipande vipande. Mama hakuhitaji kushawishiwa. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia katika hospitali nyingine, na tangu siku hiyo hakuna ukuta mweupe aliokuwa akiuamini.

"Twende kwa Mabula," akasema. "Mabula ameunga watu kabla hawa hawajajua kusoma."

Veronika alikuwa amesimama na chupa yake ya uji. "Mama, zimebaki wiki nane tu. Mfupa umeanza kushika, wenyewe wamesema."

"Wamesema. Na huyo mzee pale walimwambia nini?"

Veronika akanigeukia mimi, akingoja niseme neno. Nilifumba macho nikajifanya nimechoka. Nikasaini karatasi kwamba natoka kwa hiari yangu. Sista Agnesi alitoa ule waya taratibu, akaniambia, "Ukiona joto mahali pale, au maji yanatoka, rudi siku hiyo hiyo. Usingoje kesho." Nikaitikia, kama mtu anavyoitikia mahubiri.

Mabula alikuwa fundi wa mifupa, anaishi kijiji kimoja nyuma ya Usagara. Hakuwa mzee wala hakuwa na mambo mengi. Ni mtu wa makamo mwenye ng'ombe wengi na mdomo mfupi. Alinikanda kwa maji ya moto na samli, akanifunga vipande vya mianzi kuzunguka paja, kisha akamwomba mama kuku. Mama alikuwa ameleta mtetea mweusi kutoka nyumbani, maana desturi aliijua. Mabula akamshika kuku yule, akaushika mguu wake wa kulia, akauvunja. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya njiti ya kiberiti. Kisha akamfunga vijiti vidogo kama alivyonifunga mimi, na uzi mwekundu juu yake.

"Wewe na huyu mna safari moja," akasema. "Siku akiruka juu ya jiwe na kutua kwa miguu miwili, na wewe panda baiskeli yako. Kabla ya siku hiyo usijaribu."

Wasomaji wengine watacheka. Mimi sikucheka, na nina cheti cha darasa la saba.

Baada ya wiki tatu tulirudishwa Kiseke, mimi na kuku. Masika yalikuwa yamekwisha, upepo wa kiangazi umeanza kupandisha vumbi kutoka barabarani. Nilikaa mlangoni nikiwa nimenyoosha mguu, naye alifungwa kwa kamba kwenye jiwe kubwa la uani, na tulikuwa tunatazamana mchana kutwa. Mama, aliyekuja kukaa nasi kuniuguza, alikuwa akimlisha mtama kwa mkono wake. Kila asubuhi, kabla ya kunisalimia, alimtazama kwanza kuku.

Kuku hakupona. Wiki ya tano alikuwa bado anauburuta mguu. Wiki ya nane aliacha hata kujaribu, akawa anakaa ubavu, manyoya ya tumboni yamenyonyoka. Mabula alikuja siku moja akiwa na ng'ombe wa kuuza mjini, akachuchumaa, akampapasa kuku, kisha akaja akanipapasa mimi.

"Mnachelewa," akasema. "Wote wawili."

Hakuniambia kwamba aliona kile nilichokuwa nimeanza kukiona. Upande wa nje wa paja palikuwa na mahali palipokuwa moto kila jioni. Baadaye pakatoka kijitundu, si kikubwa kuliko punje ya mtama, na kila asubuhi kilikuwa kimetoa tone la maji ya njano. Nilikata kipande cha khanga kuukuu nikawa nakibandika pale, nakifua mwenyewe nikiwa nimekaa. Veronika aliuliza ile harufu mbaya inatoka wapi. Nikasema ni samli ya Mabula. Maneno ya Sista Agnesi niliyakumbuka kila siku, na kila siku nilijibu kwamba kesho nitaangalia. Niliogopa blanketi lile lililolala tambarare, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo hudanganya bila hata kujisikia anadanganya.

Kisha, mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, kuku akapona.

Ilikuwa ghafla. Jumatatu alikuwa amelala ubavu. Jumatano nilipotolewa nje asubuhi nilimkuta amesimama. Wiki ile ile mama akamfungua vijiti, na kuku akaruka juu ya lile jiwe la uani, akatua kwa miguu miwili, akajikung'uta. Nilimwita mama aje aone. Alikuja, akatazama, akasema, "Mungu mkubwa," kisha akaingia ndani haraka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Sasa lazima niseme kuhusu mzunguko. Sisi wabeba mapanki tulikuwa na utaratibu wetu. Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, tulizunguka ghuba kwa siku moja. Unatoka Mwanza alfajiri, unapita Usagara, unavuka kwa kivuko kwenda Busisi, unakwenda Sengerema, unashuka mpaka Kamanga, na kutoka Kamanga unavuka tena kurudi mjini. Ni kilomita mia hivi za vumbi na vilima. Aliyemaliza alikuwa na nafasi ya mbele kwenye foleni ya mapanki mwaka mzima. Aliyekosa miaka miwili mfululizo aliondolewa kwenye foleni kabisa. Mwaka uliotangulia nilikosa kwa sababu ya msiba wa baba.

Rafiki yangu Lameki, aliyekuwa kiongozi wetu, alikuja kunijulia hali. Alimsalimia mama shikamoo, akaketi, akazungumza habari za vumbi na bei ya mafuta ya taa, halafu akasema bila kunitazama, "Jumamosi tunazunguka. Nimewaomba wakusamehe mwaka huu, wamekataa."

"Nitakuja," nikasema.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Si lazima Jumamosi," akasema. "Kaa mwezi mmoja zaidi."

"Kuku ameruka, mama. Umemwona mwenyewe."

Aliinama juu ya ungo. Nilisubiri aseme neno la pili, naye hakulisema. Ijumaa nilikuta gurudumu la mbele la baiskeli yangu halina upepo na pampu haionekani. Nikaazima pampu kwa jirani.

Mpaka Usagara nilikwenda vizuri kiasi cha kuimba. Nilikuwa nakanyaga zaidi kwa mguu wa kushoto, wa kulia ukifuata tu. Tulipokuwa kwenye kivuko kwenda Busisi nilishuka, na nilipotaka kupanda tena upande wa pili nikagundua suruali imeng'ang'ania paja. Ilikuwa imelowa. Nikajifunga sweta kiunoni ili wenzangu wasione. Kwenye vilima vya Sengerema jua lilikuwa kali, lakini mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi. Lameki aliniuliza kama nimekunywa maji. Nikamwambia aendelee, nitawakuta.

Zilikuwa zimebaki kilomita chache kufika Kamanga. Palikuwa na mwinuko mdogo, wa kawaida kabisa, hata mtoto anaupanda. Nilisimama juu ya pedeli, na mguu wangu ukakunjika mahali pasipo na goti.

Lameki alirudi akanikuta pembeni ya barabara nimekaa nautazama. Alichana mpira wa ndani wa gurudumu langu, akaweka ile pampu ya jirani, niliyokuwa nimekuja nayo, ubavuni mwa paja, akafunga. Wakanipakia kwenye keria yake kwa upande, mtu mmoja akishika mguu, na hivyo ndivyo nilivyomaliza kuzunguka ghuba, nikiwa mzigo mahali pa mapanki.

Kamanga tulifika mchana. Mji ulikuwa unaonekana ng'ambo, na mawe yake, na mabati yanayong'aa. Hospitali ilikuwa kule kule. Kati yetu na mji palikuwa na magugu maji. Miaka ile yalikuwa yamevamia ziwa, na siku ile upepo ulikuwa umeyasukuma yote upande wetu, ghuba imekuwa kijani kama shamba. Kivuko kilikuwa kimesimama mbali, hakiwezi kuja gatini. Wanaume walikuwa kwenye mitumbwi wanayakata kwa mapanga, na wanapokata njia, nyuma yao inajifunga tena. Nilikaa juu ya gunia la muhogo nikitazama kazi hiyo mchana kutwa. Nzi walikuwa wamenigundua. Mama mmoja aliyekuwa anasafiri na dagaa wake aliketi karibu yangu akawa ananipepea kwa ukindu, hakuniuliza jina, na alipochoka mkono mmoja alibadilisha mwingine. Jua lilikuwa limeanza kuinama kivuko kilipofika.

Sista Agnesi alinitambua mapokezi. Alifungua sweta, akafunga tena, akamwita daktari kwa sauti ya chini sana. Ile sauti ya chini ndiyo iliyoniogopesha kuliko kelele yoyote. Nililazwa kwenye benchi kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa, na Veronika na mama walipofika walisimama mmoja kichwani, mmoja miguuni.

Daktari alikuwa kijana. "Mfupa haukushika, na umeoza ndani," akasema. "Tutajaribu kusafisha. Tusipoweza, tutakata. Nahitaji ndugu asaini yote mawili."

Veronika akachukua kalamu. Ndipo mama yangu alipokaa chini, kwenye sakafu ya saruji, mbele ya watu wote wa mapokezi.

"Daktari, usimkate yeye," akasema. "Mimi ndiye niliyeharibu. Kuku alikufa. Alikufa kwa ugonjwa wa mdondo Jumanne, na kabla ya kufa alikuwa bado hatembei. Nilinunua mwingine mweusi nikamfunga vijiti na ule uzi. Nilishindwa kumvunja mguu. Nilisema moyo wa mwanangu usivunjike, nikasema nitamzuia asipande baiskeli, nikashindwa na hilo."

Daktari hakuelewa habari ya kuku, akadhani mama amechanganyikiwa. Veronika alielewa. Alisaini, akarudisha kalamu, akamwambia mama mkwe wake neno moja tu: "Ondoka." Mama akanitazama mimi. Nilifumba macho.

Walinifungua mara tatu. Mara ya kwanza mvua za vuli zilikuwa zinaanza, nasikia kumbikumbi waligonga madirisha ya chumba cha upasuaji. Mara ya pili ilikuwa baada ya Krismasi. Vipande vya mfupa mweusi vilitolewa vikawekwa kwenye bakuli, na mimi, nikimkumbuka Mzee Lugome, niliuliza vinakwenda wapi. Sista Agnesi akanijibu vinachomwa, na kwa sababu alinijibu nililala. Mara ya tatu masika yalikuwa yamerudi. Mguu haukukatwa. Ni mfupi kwa upana wa vidole vinne, na goti limeganda, halikunji tena. Baiskeli sipandi. Naziba pancha za wenzangu chini ya kibanda cha mabati, nikiwa nimenyoosha mguu mbele kama mtu anayewawekea wapita njia mtego.

Kwa hiyo wewe uliyelazwa, kaa. Muulize daktari unachoogopa, hata kama ni aibu, hata kama ni mahali mguu unapozikwa. Ukitokwa na tundu linalotoa maji, usilifunike kwa kitambaa. Hayo ndiyo niliyotaka kukuambia, na ningeweza kuishia hapa.

Lakini kuna jambo. Mama yangu hakuingia ndani ya nyumba yetu miezi kumi na minne. Veronika hakutaka apike, hakutaka anioshe kidonda, hata maji ya mkono wake alikuwa anayamwaga. Mama alikuwa akija Jumapili baada ya ibada, anasimama nje ya kizingiti na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anauliza hali yangu kwa mke wangu kama mgeni, kisha anarudi. Alizeeka mwaka ule mbele ya macho yetu. Nilimwona kila Jumapili kutoka kitandani, na baadaye kutoka kwenye kiti, na kila Jumapili nilinyamaza.

Yule kuku wa kwanza alikuwa na vidole vitatu mguu wa kushoto. Cha nne kilikatwa na mlango akiwa kifaranga. Nilikaa naye uso kwa uso miezi mitatu, nilikuwa nakijua kisigino chake kuliko changu. Yule aliyeruka juu ya jiwe alikuwa na vidole vinne kila mguu. Nilivihesabu asubuhi ile ile ya Jumatano, kabla sijamwita mtu yeyote. Nilijua, na nilitaka kupanda baiskeli, na mtu alikuwa amenipa ruhusa; mambo yakiharibika, lawama isingekuwa yangu.

Nilimwambia Jumapili moja, yeye akiwa pale pale nje ya kizingiti, Veronika amesimama katikati yetu. Nilijikongoja mpaka mlangoni nikasema yote, habari ya vidole na habari ya tundu na kile kitambaa cha khanga. Veronika aliweka mkono mdomoni. Mama alikuwa anatazama michembe yake.

"Kwa hiyo siyo mimi niliyekuharibu," akasema.

"Siyo wewe, mama."

"Na uliniacha nimekaa pale sakafuni. Watu wote wananitazama."

"Nilikuacha."

Kikapu kikamponyoka. Akakaa chini vumbini, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake msibani, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata baba alipokufa. Nilitaka kuchuchumaa nimshike. Goti halikunji. Nilisimama mbele yake na mkongojo wangu, mkono wangu ukiishia hewani kidogo juu ya kitambaa cha kichwa chake, mpaka Veronika aliponipita, akakaa vumbini kando yake, akamkumbatia kwa niaba yangu.